Uyoga Uliooshwa kwa Ajili ya Wageni

Friza zetu mbili za maabara Mwalimu alizibatiza mwenyewe. Ile ndogo, ya vitu visivyo na haraka, aliiita Limuru, kama ule mji wa baridi. Ile kubwa, iliyoshuka digrii themanini chini ya sufuri na kunguruma kutwa kama mashine ya kusaga unga, aliiita Kinangop, kule penye baridi zaidi. "Hii peleka Kinangop," angekwambia huku akikukabidhi kisanduku cha vichupa, na mgeni akisikia angedhani unatumwa safari ya kubebea sweta. Stima ikipotea, alikwenda kusimama mbele ya Kinangop, mgongo kwenye mlango, mikono ameikunja, mpaka jenereta iwake. Hakuna aliyethubutu kumwambia asogee kidogo. Mkuu wa idara mwenyewe aliwahi kuja na sampuli zake mkononi akaambiwa, "Baba, hapa hapafunguliwi. Ngoja stima kama watu wengine." Na akangoja.

Namwita Mwalimu kwa sababu ndivyo alivyotaka. Korido yetu ilijaa madaktari na maprofesa, na ukikosea cheo cha mtu ungeonyeshwa kwa macho kwamba umekosea. Yeye alikuwa mwanamke mwenye udaktari wake kama wenzake, lakini kabla ya hapo alikuwa amefundisha kemia sekondari miaka na miaka. "Udaktari nilipewa siku moja, tena na gauni la kuazima," alisema. "Ualimu nimeufanya maisha yangu yote." Kwa hiyo sote tulimwita Mwalimu, kuanzia wanafunzi hadi yule mama aliyepiga deki.

Nilikuwa mwanafunzi wake kwa miaka minne. Baada ya hapo nilimkwepa kwa miaka mingi zaidi ya hiyo, na afadhali niseme mapema kwa nini, nisije nikaonekana ninamsifu tu mzee wangu. Nilimdanganya. Kuna jambo nililoliona kwa macho yangu, jambo lililoharibu kazi yake kubwa kuliko zote, na aliponiuliza kama nimeliona, nilisema la. Nitafika huko. Kwanza nataka mumjue, kwa sababu bila kumjua mtadhani ni jambo dogo.

Kazi yake ilikuwa uyoga. Si huu mweupe wa kukaanga na vitunguu. Huu ulikuwa mwekundu wa kahawia, mgumu kama ubao, unang'aa juu kana kwamba kuna fundi ameupaka vanishi. Wachina wanauita lingzhi, na wameuchemsha na kuunywa kama dawa tangu zamani za mababu zao. Hapa kwetu wengi waliujua kupitia ile kahawa ya pakiti. Mama yangu alinunua Githurai 45 kwa kijana aliyevaa tai, aliyemwambia kwamba inaondoa presha, inaondoa sukari, inaondoa maumivu ya magoti, na kama sikosei inarudisha na waume pia. Nilipomsimulia Mwalimu, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanikazia macho. "Sisi hatusemi inaponya. Siku nikikusikia umesema inaponya, utarudi Githurai ukauze na huyo kijana."

Lakini mezani kwake kulikuwa na birika dogo, na ndani ya birika vipande vya uyoga huo huo vikichemka. Alikunywa kikombe kimoja kila asubuhi huku amekunja uso, maana ni mchungu kuliko mwarobaini. Siku moja nilijipa moyo nikamuuliza kama humsaidia.

"Sijui."

"Sasa unakunywa ya nini, Mwalimu?"

"Mimi ni mtu mmoja. Mtu mmoja si ushahidi. Lakini koo ni langu."

Huo uchungu ndio tuliokuwa tukiutafuta. Ndani ya uyoga kuna jeni kadhaa zinazofanya kazi ya kuutengeneza, na Mwalimu alitaka kujua ni lini zinaamka na ni lini zinalala. Wiki yangu ya kwanza sikuelewa lolote. Akanikalisha kwenye stuli.

"Hebu fikiria ile ploti yenu ya Githurai. Vyumba ishirini, kila chumba kina redio. Mtu akija akahesabu redio, atajua nini?"

"Kwamba ziko ishirini."

"Atajua kama kuna kelele?"

"Hapana."

"Basi. Jeni ndizo redio. Ziko pale kila siku, zile zile. Mimi nataka kujua ni gani imewashwa, kwa sauti gani, na nani amemuudhi mwenyewe mpaka akaongeza sauti."

Tangu siku hiyo nilielewa, na watu wengi nimewaelezea hivyo hivyo bila kusema nimetoa wapi. Jeni ikiwaka hutuma ujumbe, na ujumbe huo ndio tuliokuwa tukiupima, tukilinganisha uyoga huu na ule. Tatizo ni kwamba ujumbe wenyewe hauna subira. Unaoza kwa dakika. Jasho la kidole linautafuna. Na uyoga ukiguswa, ukipigwa jua, ukikatwa, huanza kutuma ujumbe mwingine. "Ukimkata umeshamwambia umefika," Mwalimu alisema. "Anaanza kukujibu wewe, na wewe hukuja kusikiliza majibu yako." Kwa hiyo tulikata kipande chembamba na kukitumbukiza papo hapo kwenye naitrojeni ya maji, ile baridi inayofuka moshi. Mwalimu alihesabu kwa sauti, kwa Kikuyu: ĩmwe, igĩrĩ, ithatũ. Ukifika mũgwanja, yaani saba, na kipande bado kiko mkononi, alikwambia ukile.

Kwa sababu ya hilo jasho la vidole, hakusalimiana na mtu kwa kiganja. Kwetu, mtu anayetoka kulima au kula hukupa kifundo cha mkono ukishike, kwa kuwa kiganja ni kichafu. Mwalimu alitoa kifundo kwa sababu kiganja chake kilikuwa kisafi mno. Ilimwingia mpaka ikawa tabia, akawa anawapa watu kifundo hata kanisani, Jumapili, amevaa suti ya bluu na kofia. Mchungaji mgeni alimuuliza kwa upole kama ana ugonjwa wa ngozi. Mwalimu alimweleza habari za ujumbe wa jeni kwa nusu saa, pale pale ngazini, na nasikia mchungaji huyo hakumuuliza tena kitu.

Daftari langu la kwanza lilinitoa machozi. Niliandika, "Uyoga unaonekana mzuri." Alipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: mzuri kwa nani? Nikaandika, "Uyoga umekua vizuri kuliko wiki iliyopita." Mstari. "Hayo ni maoni," aliniambia. "Nimeuliza uliona nini." Nilikasirika, nikaenda kulia chooni, nikarudi nikaandika upana, rangi ya ukingo, saa, joto la chumba, na kwamba mlango ulikuwa wazi. Aliposoma hapo pa mlango, alinitazama kwa muda, akatoa ndizi kwenye mkoba wake akanipa. Sikumbuki zawadi niliyoifurahia kuliko ile ndizi.

Na huyo aliyetaka saa na joto la chumba alikuwa mtu wa kupoteza simu yake mara tatu kwa siku. Miwani aliitafuta ikiwa kichwani. Alituambia tutupe glavu baada ya kugusa kitu kimoja tu, lakini yale maboksi meupe ya barafu yaliyokuja na kemikali hakuthubutu kuyatupa. Aliyajaza udongo, akaotesha dania ndani yake, akayapanga dirishani. Mchana tulikula githeri yenye dania ya maabara. Wanafunzi wa idara nyingine walituonea wivu.

Cucu yangu alipofariki, mama wa mama, nilikwenda Gatundu kwa mazishi bila hata kuomba ruhusa, maana akili haikuwepo. Siku ya kuzika nilimwona Mwalimu anateremka njia ya matope amevaa gambuti. Hakuja kwenye hema la wageni. Alienda moja kwa moja jikoni kwa akina mama, akaomba kisu, akamenya viazi nao mpaka karai likajaa. Jioni nilimsindikiza mpaka njiani. Alinikumbatia kwa nguvu, akanishika mabega. "Pole, mami. Pole sana." Halafu akashusha sauti. "Naitrojeni uliijaza kabla ya kutoka?" Nilicheka siku niliyomzika cucu, na mpaka leo namshukuru kwa kicheko hicho.

Kila tulipomaliza awamu ya kazi alitupeleka Chania, pale maporomokoni Thika, penye ile hoteli ya zamani. Hatukuwahi kula humo. Alibeba thamosi ya chai na mandazi kwenye kiondo, akatukalisha kwenye nyasi tukitazama maji. Mhudumu akija kutuuliza tunaagiza nini, Mwalimu angesema, "Bado tunafikiria, baba." Tungefikiria mpaka thamosi iishe. Mhudumu mmoja alituzoea hata akawa anatuletea vikombe. Nimekwenda pale baadaye na watu wa kazini, tukakaa ndani kwenye viti vya mito, tukaagiza, na sikuona raha yoyote.

Sasa nije kwenye lile jambo.

Mashariki ya Thika, ukishapita Gatuanyaga, kulikuwa na kikundi cha akina mama waliokuwa wakikuza lingzhi kwenye nyumba za udongo zilizofunikwa magunia. Mwalimu ndiye aliyewafundisha. Walijaza mifuko kwa vumbi la mbao za mukima, ule mti wa mipakani mwa mashamba, wakaupanda uyoga humo. Kule kuna joto kuliko Ruiru, penye maabara yetu. Mwalimu alikuwa na swali moja: je, jeni za uchungu zinawaka zaidi kwenye uyoga wa akina mama hawa kuliko kwenye ndugu yake aliyekuzwa maabara, penye ubaridi? Kama jibu ni ndiyo, akina mama wangekuwa na kitu cha kujivunia, na kuna mnunuzi aliyekuwa akisubiri kusikia. Mimi ningepata tasnifu yangu. Yeye angepata makala ya kumfikisha uprofesa, jambo ambalo alijifanya halitaki na sote tulijua analitaka.

Siku ya kuvuna alikuwa na kipindi asubuhi, kwa hiyo nilitangulia kwa pikapu ya idara na mtungi wa naitrojeni. Nilifika kwa Mama Mwenyekiti wa kikundi kama saa nne. Mifuko yote ilikuwa nje. Ilikuwa imepangwa kwenye nyasi, juani, na akina mama sita wamechutama na mabeseni ya maji ya kisima. Walikuwa wakiuosha uyoga, kichwa kimoja kimoja, kwa kitambaa laini na mswaki mpya. Pembeni kulikuwa na taulo za kukaushia. Chini ya mti kulikuwa na meza, na juu ya meza kitambaa cha kufuma kwa sindano, kile cheupe cha kuwekwa kwenye makochi Krismasi.

"Haiya! Karibu mami!" Mama Mwenyekiti aliniita. "Tunaosha hawa watoto. Mwalimu anakuja na sisi tumpokee na vumbi?"

"Zimekaa juani tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Si zikauke vizuri? Tutazirudisha ndani kabla hajafika. Anataka kuzikuta mahali pake."

Nilisimama pale na mtungi wangu. Nilijua. Nisiseme sikujua, maana nilikuwa nimeshaandika daftari tatu za Mwalimu. Nilijua kwamba kuoshwa na kusuguliwa na kuota jua asubuhi nzima kungewasha redio zote humo ndani, na kwamba tutakachopima ni hiyo karamu, si shamba. Nilijua pia kwamba nikimwambia, atafunga mtungi na kusema turudi nyumbani tungoje uyoga mwingine ukue. Muda wangu wa chuo ulikuwa unakwisha. Mama alikuwa ameshawaambia watu wa Githurai kwamba nitavaa gauni mwaka ule. Na wale akina mama walikuwa na furaha, kuku wawili walikuwa wameshachinjwa. Nikajiambia, pengine haitadhuru.

Mwalimu alifika saa nane. Mifuko ilikuwa imerudi ndani, imekauka, imepangwa gizani kana kwamba haijawahi kuguswa. Alipokewa kwa wimbo. Alivaa glavu, akashika kichwa cha kwanza, akakigeuza. "Safi sana," akasema. "Mmewatunza." Akina mama wakatazamana wakacheka kwa furaha. Kisha akaanza kukata na kuhesabu, na mimi nikashika mtungi, nikahesabu naye.

Majibu yalikuja mekundu. Kompyuta hupanga jeni kwenye picha ya vimraba, kijani kwa zilizolala, nyekundu kwa zilizowaka, na upande wa akina mama jeni za uchungu zilikuwa nyekundu tupu. Mwalimu aliichapisha ile picha, akatoka nayo koridoni akapiga hatua tatu za dansi. Yeye, Mwalimu! Aliibandika hata ukutani nyumbani kwake, na wenzake wa kanisani wakamwomba awaonyeshe hiyo patani wafume sweta. Makala ikatoka. Mimi nikavaa gauni, mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Akina mama wakajenga nyumba ya pili ya uyoga, na ya tatu. Nikapata kazi Thika, kwenye kiwanda cha maji ya matunda, nikipima utamu wa mananasi, na nikaanza kuamini kwamba kweli haikudhuru.

Baada ya miaka miwili mwanafunzi mwingine alirudia kazi ile ile. Alikwenda bila kutangaza. Jeni zilikuwa zimelala. Mwalimu alishuku kemikali, akanunua mpya. Akashuku mashine. Akavuna mwenyewe mara tatu, misimu mitatu, na mara zote kijani. Mwisho alikwenda kwa Mama Mwenyekiti, akakaa naye wakichambua maharagwe, wakaongea habari za watoto na mvua, na katikati ya maongezi Mama Mwenyekiti akamwambia, kwa kicheko, jinsi walivyouosha ule uyoga wa siku ile kama wanampeleka bibi harusi.

Alinipigia simu siku ya pili, mchana, nikiwa kazini.

"Wewe ulitangulia siku ile," aliniambia. "Uliona wakiosha?"

Nilikuwa nimeshika chupa ya juisi. Nakumbuka namba zilizokuwa kwenye lebo yake. "La, Mwalimu. Nilikuta wamekaa tu."

"Sawa. Basi ni mimi. Asante, mami."

Aliiondoa makala. Aliwaandikia wahariri kwamba kosa ni lake, la namna ya kuvuna, na jina langu hakulitaja popote. Shahada yangu haikuguswa. Alikwenda mwenyewe kuwaambia akina mama, akasimama mbele yao na kusema kwamba hawakukosa chochote. Mama Mwenyekiti aliudhika vibaya. Nilikutana naye sokoni Thika akanilalamikia: "Sasa tungemkaribisha na uchafu? Watu wa wapi hao?" Kwamba mimi nilikuwepo siku ile hakuligusia, na sijui kama alisahau au alinistahi. Mnunuzi alipotea. Nyumba mbili zikageuzwa kuwa za kuku.

Mwaka uliofuata Mwalimu akastaafu, kabla ya muda wake. Tulisikia tu kwamba amechoka. Hakuwa profesa. Sikwenda kwenye chai ya kumuaga. Nilituma kadi, na nikimwona kwa mbali Ruiru nilivuka barabara, niliingia duka lolote lililokuwa karibu. Niliwahi kununua rangi ya nyumba ambayo sikuihitaji.

Mwaka huu, baada ya mvua ndefu, nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo na mbegu pale Ruiru, nikichagua mbegu za sukuma wiki, nikasikia nyuma yangu:

"Wewe! Msichana wa Githurai!"

Hakukuwa na duka la kukimbilia, nilikuwa ndani yake. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Alikuwa mwembamba zaidi, na miwani ilikuwa kichwani. Alinishika mkono akanigeuza kwa mwenye duka kama mtu anayeonyesha ng'ombe aliyeshinda maonyesho.

"Muone huyu," akamwambia. "Nimefundisha watoto wengi, lakini huyu alikuwa na macho. Huyu hakuna kitu kilimpita. Kama mlango uko wazi, anaandika mlango uko wazi."

Mwenye duka alisema hongera. Nilihisi uso unawaka. Mwalimu alisema nyumbani ni karibu na chai iko, na sikuwa na nguvu ya kukataa.

Aliishi peke yake, nyumba ndogo yenye miti ya parachichi, kuta safi. Aliniuliza habari za mama, za kiwanda, kama nimeolewa, na kwa nini sijaolewa. Akaleta chai na viazi vitamu. Alikuwa anamimina kikombe cha pili aliposema tena jambo la macho yangu, na hapo nikashindwa.

"Mwalimu, nilikuta wanaosha."

"Nani?"

"Kwa Mama Mwenyekiti. Siku ile. Nilifika saa nne nikakuta mifuko yote iko nje juani na wanaosha."

Aliweka thamosi chini, akaifunga kifuniko. Alikifunga kwa makini, zamu nyingi.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nilikupigia simu nikakuuliza kama uliona."

"Nikakwambia sikuona. Nilidanganya, Mwalimu. Nilitaka kumaliza chuo, na baadaye niliogopa. Nisamehe."

Jirani alikuwa anapasua kuni. Mwalimu akauliza, kwa sauti yake ya maabara kabisa, "Nilipofika, uyoga ulikuwa bado na maji?"

"Hapana. Waliupangusa kwa taulo wakauanika. Ulikuwa umekauka kabisa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Hakuna mtu angejua. Hata mimi, kama singewakuta, singejua."

Alinyoosha mikono yake juu ya magoti, akaitazama. "Mimi nilidhani ulikuwa na maji," akasema. "Miaka hii yote. Nilijiambia, umeshika uyoga uliooshwa asubuhi hiyo hiyo, umeugeuza, umesema safi sana, na hukuhisi. Nikajiambia, umeisha wewe. Macho yameisha na mikono imeisha. Mtu kama huyo hafai kuachiwa kazi ya watoto wa watu. Ndiyo nikaandika barua."

"Barua gani, Mwalimu?"

"Ya kustaafu. Walinisihi nibaki. Nilikuwa na wanafunzi watatu katikati ya kazi, nikawaachia wengine. Mmoja hakumaliza." Alivuta pumzi. "Na kumbe nilikuwa mzima."

Nililia. Nililia kwa aibu, kama mtoto, kamasi na kila kitu, na yule mwanamke aliyekuja Gatundu kwa gambuti kunimenyea viazi alikaa mahali pake, hakunigusa. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha.

"Ungeniambia tu siku ile ya simu," akasema. "Ningekugombeza wiki mbili. Halafu tungerudi kazini."

Nilipoinuka alivaa sweta akanisindikiza, kwa sababu mgeni husindikizwa. Tulitembea sambamba njia nzima. Watu walimsalimia, naye akawaitikia vizuri, akawauliza habari za nyumbani. Tulipofika lami alisimama.

"Urudi," akaniambia.

Niliitikia kwa kichwa.

"Lakini sio hivi karibuni. Bado nimekasirika."